Mtalii wa Boksi Moja

Wening alikuwa anakimbia.

Medan, soko la Petisah, asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Mbele yake jamaa wa jaketi jekundu anapasua katikati ya meza za samaki, anapiga teke ndoo, anarukia Vespa iliyokuwa inanguruma inamsubiri.

Vuuuu!

Kaishia. Moshi tu.

Wening akasimama, mikono magotini, jasho likimtiririka chini ya mtandio. Glock 19 ilikuwa kiunoni, ndani ya kipochi chenye maua, na haikumsaidia kitu. Utafyatua risasi vipi katikati ya akina mama wananunua dagaa?

Kiredio kilichofichwa sikioni, chini ya mtandio, kikakwaruza.

"Umeshakula?"

Nchi nzima watu wanasalimiana hivyo, hakuna wa kushtuka. Ila ikitoka kwa Paman, bosi wake aliyeko Jakarta, maana yake ni moja tu: umempata?

"Sijala," Wening akajibu. "Kaponyoka. Ila mzigo hana tena. Kaingia duka la keki na begi, katoka mikono mitupu."

"Nani walikuwa dukani?"

Wening akageuka. Duka la keki za bika lilikuwa limefurika. Nje limeegeshwa basi kubwa la buluu, ubavuni limeandikwa SENJA RAYA: ZUNGUKA NCHI, MIJI MINNE. Wazee na akina mama wanatoka dukani wamebeba maboksi mpaka videvuni, wanacheka, wanapigana picha.

"Watalii," akasema. "Basi zima. Wastaafu wa Semarang. Kila mtu ana maboksi, Paman. Mzigo umo humo, sijui kwa nani."

"Basi na wewe kuwa mtalii. Nitakulipia siti sasa hivi."

"Mzigo wenyewe ni nini? Tangu jana hujaniambia."

Paman akashusha sauti.

"Ramani ya doria za baharini. Boti ishirini, njia zao zote, mwezi mzima. Imekatwa vipande vitatu, kila kipande kwenye memori kadi yake. Kimoja Medan, kimoja Yogyakarta, kimoja Surabaya. Mnunuzi anasubiri Makassar. Akivipata vyote vitatu faili linafunguka, na majahazi ya silaha yanajua boti gani iko wapi saa ngapi. Watazivizia moja moja."

"Camar Tiga imo?"

"Wening..."

"Imo au haimo?"

"Imo."

Camar Tiga. Fundi mitambo wa boti hiyo ni kijana mmoja mwembamba, mcheshi, jina lake Panji. Mdogo wake Wening. Tumbo moja.

"Irudisheni bandarini," akasema.

"Haiwezekani. Tukigeuza hata boti moja watajua tumejua. Mnunuzi atatoweka, mwakani atanunua ramani nyingine. Panda basi."

Akapanda.

*

Aisee, kazi ya ujasusi nyepesi! Kazi nzito ni kuwa mtalii na akina mama wa Semarang.

Hajakaa hata dakika mbili, ameshawekewa keki mdomoni. Aliyemlisha anaitwa Bu, yaani Mama, Murniasih, mwalimu mstaafu, mnene, miwani mikubwa, sauti ya kipaza.

"Kula, dada! Umekonda kama waya wa antena. Una mume?"

"Sina, Bu."

"Kwa nini? Sura unayo!" Akageukia siti ya nyuma. "Jamani, huyu hana mume! Nani ana mtoto wa kiume?"

"Wangu yupo," mmoja akadakia, "ila hana kazi!"

Basi zima likaangua kicheko. Kiongozi wa msafara, Poltak, Mbatak mwenye sauti nzito, akashika kipaza.

"Jamani! Kabla hatujaondoka Medan, picha na bango!"

Hapo sasa.

Unajua mwenyewe. Msafara usiopiga picha na bango haujasafiri. Watu wote wanajipanga, bango mbele, vidole juu, na picha inatupwa WhatsApp kwenye kundi la safari kabla hamjarudi kwenye siti. Ukikataa picha, kesho wanajadili wewe una matatizo gani. Na jasusi hatakiwi kujadiliwa.

Wening akavaa barakoa, akajibanza pembeni, akainamisha kichwa.

"Wee dada!" Bu Murniasih akapiga kelele. "Vua hicho kitambaa! Sura nzuri unaificha unadaiwa na nani?"

Wazee ishirini wakageuka kumwangalia. Ishirini! Akakataa kwa kichwa, wakazidi kumwita. Poltak akashusha simu, akasubiri.

Akavua. Sekunde moja.

Klik.

*

Wakaruka kwa ndege mpaka Yogyakarta. Huko mvua. Wakazungushwa kwenye ngome ya sultani, wakapandishwa mikokoteni ya farasi pale Malioboro, wakala wali na mchuzi mtamu wa fenesi. Wening hakuona ngome wala farasi. Aliona mikono tu. Mikono ya watu, na kilichomo mikononi.

Jioni wakaingia duka la bakpia, vile viandazi vya kunde. Na hapo ndo akamkamata kwa macho.

Mzee mmoja, Pak Kuncoro. Nywele zimechanwa vizuri, shati la batiki limepigwa pasi. Mpole, hasemi sana. Anajitambulisha kama karani mstaafu.

Alinunua boksi moja.

Moja!

Subiri nikuambie uzito wake. Mtu wa Semarang akisafiri hasafiri peke yake. Jirani wa kulia anasubiri boksi, wa kushoto anasubiri, mwenyekiti wa mtaa, shemeji, fundi pikipiki, mpaka dada wa kufua nguo. Bu Murniasih alikuwa amebeba maboksi kumi na nne na bado analia hayatoshi. Kurudi na boksi moja ni kutangaza vita na mtaa mzima. Mtu anayenunua boksi moja hana mpango wa kurudi nyumbani.

Na muuzaji hakulichukua kwenye rafu. Alilitoa chini ya meza.

"Pak Kuncoro, moja tu?" Bu Murniasih akamchokoza. "Majirani zako wamekufa wote?"

"Nina kisukari, Bu," mzee akatabasamu.

"Kisukari ni chako au cha mtaa mzima?"

Watu wakacheka. Pak Kuncoro akacheka pia. Macho yake hayakucheka.

Wening akaingia chooni, akafungulia bomba.

"Nimekula," akanong'ona. "Mzee wa siti ya tisa. Ana kadi mbili, ya Medan na ya hapa."

"Safi," Paman akasema. "Usimguse."

*

Surabaya, joto la kuua mtu.

Basi liko kwenye foleni karibu na daraja la Suramadu, kiyoyozi kimeshindwa, watu wamelala midomo wazi. Pak Kuncoro naye kalala. Begi lake jeusi liko miguuni, zipu imeachia kidogo. Ndani, maboksi matatu. Bika ya Medan, bakpia ya Yogya, na lile alilotoka kulichukua saa ile, keki ya matabaka ya Surabaya.

Wening akainuka kama anaenda kuchukua maji. Akapita. Begi liko futi moja kutoka mkononi kwake.

"Paman," akanong'ona. "Zote tatu hizi hapa. Nanyosha mkono tu. Nazitupa baharini, imekwisha."

"Hapana."

"Paman, mdogo wangu yuko kwenye ile boti."

"Najua. Na kuna watu wengine mia tatu kwenye zile nyingine, nao wana dada zao. Ukimkamata huyu mzee nitapata mzee. Namtaka mnunuzi. Kesho saa kumi wanakutana kwenye ngome ya Makassar, nimeshapanga vijana kumi na wawili, wengine wanauza barafu, wengine wapiga picha za harusi. Hataponyoka. Nakuahidi."

Mkono wa Wening ulikuwa umeshashika kamba ya begi. Aliihisi kwenye vidole, ngumu, imelowa jasho la mzee.

"Dada," Bu Murniasih akafumbua jicho moja, "unatafuta nini?"

"Maji, Bu."

"Haya chukua, na keki kula."

Akaachia kamba.

*

Makassar. Saa nane na nusu mchana.

Basi limetoka uwanja wa ndege, Poltak anaeleza ratiba: supu ya coto kwanza, halafu ngome, halafu ufukwe wa Losari. Wening kakaa, anaangalia saa. Saa kumi bado mbali.

Simu ya Pak Kuncoro ikatetemeka. Akasoma. Halafu, polepole, akainua kichwa na kumwangalia Wening.

Moja kwa moja usoni.

Wening naye akashika simu yake. Kundi la safari. Picha ya bango la Medan, Bu Murniasih kaandika chini yake: MSICHANA WETU MPYA, ANATAFUTA MUME!!! Na mioyo kumi. Kila mtu kwenye basi alikuwa nayo. Pak Kuncoro pia alikuwa nayo. Na mtu ambaye Pak Kuncoro alimtumia picha hiyo, huko mbele, alimfahamu Wening kutoka kazi ya Batam mwaka juzi.

Akaingiza mkono kwenye kipochi chenye maua.

"Dereva!" Pak Kuncoro akaita. "Nisamehe, tumbo. Simama hapa."

Basi likasimama. Mzee mwenye kisukari akashuka kama kijana, begi kwapani, akaingia kwenye mtaa wa Somba Opu.

"Paman! Wameniona! Hawaendi ngomeni, wanakutana sasa hivi!"

"Vijana wako ngomeni, Wening! Dakika kumi!"

"Dakika kumi nazitoa wapi?"

Akaruka nje.

Somba Opu ni maduka ya dhahabu na zawadi za wasafiri, bega kwa bega. Begi jeusi likaingia la tatu kushoto. Wening akamfuata mbio. Mwenye duka akataka kumzuia, akaona Glock, akakaa chini mwenyewe.

Ngazi. Mbili mbili.

Juu, chumba kidogo kimejaa makasha ya mafuta ya tawon, yale ya kuchua, ya chupa zenye vifuniko vyekundu. Mezani, laptop ya Asus, nyaya, simu ya setilaiti. Keki zimepasuliwa kama samaki. Na mzungu mrefu wa shati la kitani, yule ambaye Batam nzima walimwita Mista.

"Dada mtalii," Mista akasema kwa lugha safi ya nchi, bila kugeuka. "Umechelewa lanchi."

Mlinzi akatokea nyuma ya mlango. Bastola ya Wening ikapigwa, ikaruka, ikatelezea chini ya makasha. Ngumi ya pili ikamtua mbavuni, pumzi ikakata. Akaanguka kwenye chupa. Akashika moja, akaivunja kwenye ukingo wa meza, akamrushia mafuta machoni.

Jamaa alipiga ukunga uliosikika mpaka barabarani. Yale mafuta hata kwenye goti yanaunguza!

Pak Kuncoro akakimbilia ngazi. Mista akanyoosha mkono kwenye laptop. Wening hakumkimbilia Mista. Aliikimbilia laptop. Akaibeba juu kwa mikono miwili, nyaya zikakatika, akaipigiza kwenye kona ya meza, mara moja, mara mbili, mpaka kioo kikamwagika kama mchele. Memori kadi tatu akazikanyaga kwa kisigino.

Halafu akaokota Glock.

"Kaa chini, Mista."

Mista akakaa. Alikuwa anatabasamu.

*

Vijana walifika wanahema. Mista akatiwa pingu. Pak Kuncoro walimkuta mtaani amekaa kwenye ndoo, anaomba maji, anasema kweli ana kisukari. Mtaalamu wa mitambo akashika ile simu ya setilaiti, akaisoma, akampa Wening bila kumwangalia usoni.

Ukurasa mmoja ulikuwa umeshakwenda.

Mmoja. Ukurasa wa kwanza, wa tarehe ya leo. Boti moja, Camar Tiga, mlango mmoja wa bahari upande wa Natuna, saa kumi na mbili jioni.

"Paman."

"Nimeona."

"Waite kwa redio."

"Wamezima tangu asubuhi. Ndo sheria ya doria, wewe mwenyewe unaijua."

"Helikopta."

"Natuna kuna dhoruba. Hakuna kinachoruka. Nimetuma meli, lakini..." Hakumalizia. "Wening, sikiliza. Boti kumi na tisa zimepona. Mtandao mzima tumeukata. Hii ni kazi kubwa kuliko zote..."

Wening alichomoa kiredio sikioni, akakiweka mezani katikati ya makombo ya keki. Taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu.

Saa tisa na nusu.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumrudia Mista na lile tabasamu lake. Alinawa mikono, harufu ya mafuta haikutoka. Akafunga mtandio upya mbele ya kioo cha duka la dhahabu. Mama yao yuko Tegal. Maafisa wa majini wataenda na sare na barua, watabisha hodi kesho. Mtu lazima afike kabla yao.

Simu yake ikalia. Bu Murniasih.

"Dada, uko wapi? Tunakusubiri! Coto inapoa, na Poltak anataka picha!"

"Pigeni bila mimi, Bu."

"Umekasirika? Kwa ajili ya ile ya mume? Nilikuwa natania, mwanangu!"

"Sijakasirika, Bu. Kuleni."

Akakata. Akajitoa kwenye kundi. Akasimamisha pikipiki ya abiria, Honda Beat nyeusi, kijana wa Kibugis kavaa kofia ya kijani.

"Uwanja wa ndege."

"Twende, dada! Mtalii wewe?"

"Ndiyo."

"Umezunguka miji mingapi?"

"Minne."

"Kha! Una bahati. Mimi hata Surabaya sijafika." Pikipiki ikachomoka, ikapita Losari, bahari imetulia kama bati. Kijana akageuza shingo, akapaza sauti juu ya upepo. "Na upi mzuri zaidi?"

Wening alivaa miwani yake ya jua.

"Sijaona hata mmoja," akasema. "Angalia mbele."