Ngazi za Azucena Ziko Kushoto

Jumapili asubuhi, kwenye gulio la kusini mwa San Antonio, watu wazima hufanya mambo ambayo wangewachapa watoto wao kwa kuyafanya. Husukumana, hunyang'anyana, kisha hukana kwa kiapo. Siku hiyo ya Machi kodiani ilikuwa inalia upande wa wauza viatu, na harufu ya nyama ya kichwa cha ng'ombe ilikuwa inawavuta waumini waliokuwa njiani kwenda misa, wengine wasifike.

Katikati ya zogo hilo Araceli Zertuche alikuwa ameinama juu ya sanduku la picha za zamani. Alivaa gauni la manjano na viatu virefu vya kuchungia ng'ombe, ingawa ng'ombe aliyewahi kumkaribia zaidi ni yule wa harufuni. Aliona picha, akaishika pembe. Pembe ya pili ikashikwa na mkono mwingine.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shati limenyooshwa hadi mikunjo inaweza kukata mkate, na shingoni amening'iniza kioo cha kukuzia kama daktari wa magonjwa ya karatasi.

"Samahani, dada. Nimeiona kwanza."

"Ulikuwa unaangalia birika."

"Nilikuwa nasubiri uondoke."

Hakuna aliyeachia. Jina la kijana lilikuwa Eliseo Cantú, na kazi aliyojipa duniani ilikuwa kuandika historia ya kumbi zote za sinema za mji ule kwa picha za kale, kabla mvua na matingatinga hayajamaliza kilichobaki. Araceli, kwa upande wake, alitaka ukumbi mmoja tu. Bibi yake, Herminia, aliuza tiketi katika ukumbi wa Azucena enzi za ujana, na hapo dirishani ndipo alipompata mume, marehemu Fidencio, aliyekuwa akinunua tiketi kisha anasahau kuingia.

Picha yenyewe ilionyesha watu waliovaa vizuri wakiwa wamejaa ukumbini, na chini ya ngazi alisimama msichana mwenye kidoa cheusi shavuni, kando ya kijana aliyeshika kofia. Hapakuwa na kibao wala neno lolote.

"Hii ni Azucena," Araceli alisema.

Eliseo aliinua kioo chake kwa heshima zote. "Hapana. Ngazi za Azucena ziko kushoto ukiingia. Nimezipima mwenyewe. Hizi ziko kulia."

"Basi ingia kwa mlango wa nyuma."

Don Lázaro, mwenye meza, mzee aliyekwisha kusikia kila aina ya ubishi ambao binadamu wanaweza kufanya juu ya vitu chakavu, aliwatazama kwa uchovu wa hakimu wa siku ya Ijumaa. "Mmoja anunue picha," alisema, "mwingine aombe namba ya simu. Wateja wangu wanataka kupita."

Hukumu ikatekelezwa. Araceli alinunua, Eliseo akaomba.

Alipiga simu siku hiyohiyo, eti kuuliza kama picha imefika nyumbani salama. Kesho yake akauliza kama imelala vizuri. Araceli, ambaye kutwa nzima alikuwa akisafisha meno ya watu kwenye zahanati, alizoea kutoka kazini na kusema kwenye simu, "Habari za jioni, Inspekta," naye akajibiwa, "Salama, malkia wa ubishi." Ikawa ada. Walitembea pamoja wakipiga picha kumbi zilizogeuka maduka ya magodoro na makanisa, Eliseo akilinganisha na picha za zamani, Araceli akiwavamia wenye maduka kwa maswali. Siku ya kwanza kushikana mikono ilikuwa chini ya paa lililovuja, na wote wawili walisingizia utelezi.

Hata hivyo suala la ngazi halikufa. Lilipofika kwa Bibi Herminia, Araceli aliamini limezikwa. Alimpeleka Eliseo kula tamali za bibi, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda, akaweka picha mezani. Bibi hakuhitaji hata miwani.

"Ni mimi," alisema. "Uso huu nakutana nao kila asubuhi. Na huyu ni Fidencio wangu, kabla tumbo halijamkuta. Picha nyingine ya ujana wake sina."

Araceli alimtazama Eliseo kwa jicho la ushindi. Eliseo hakusema kitu. Mdomo ulikuwa na tamali, na ilipomezwa hiyo akatia nyingine. Araceli akakichukulia kimya kile kuwa kusalimu amri. Wapenzi wengi wameponzwa na mdomo uliofunguka bila mpango. Huyu aliponzwa na mdomo uliojaa.

Miezi ikapita, joto la Texas likachoka. Wakazi wa mtaa walikuwa wamefufua jengo la Azucena, wakaamua kulifungua kwa maonyesho ya picha za kumbi za kale, siku ya kuwakumbuka marehemu. Eliseo ndiye aliyekabidhiwa kuzipanga, kila ukumbi na ukuta wake, na Araceli akamwazima ile picha. Bibi Herminia alikuwa na ombi moja tu: asimkumbuke Fidencio nyumbani mwaka huo. Alitaka aweke maua chini ya picha yake palepale Azucena, walipokutana.

Siku mbili kabla, Araceli alikwenda na shada la kwanza, maua ya rangi ya machungwa yaliyonukia hadi barabarani. Alisimama mbele ya ukuta wa Azucena. Picha haikuwapo. Alizunguka ukumbi mzima, akaikuta kwenye kona karibu na choo, chini ya kibao kilichoandikwa: "Kumbi zisizotambulika."

Eliseo alikuwa juu ya ngazi ya kukunja, nyundo mkononi. Alipoona yale maua, alishuka taratibu.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Kila siku."

"Umekula kwa bibi yangu tangu Aprili. Tamali zake zote zile, na kumbe moyoni unamwita mwongo."

"Simwiti mwongo. Mtu anaweza kusahau, Araceli. Ngazi hazisahau. Nikidanganya kwenye picha moja kwa sababu nampenda mjukuu wa mtu, nani ataamini zile nyingine?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Eliseo kusema kwamba anampenda, na alikuwa ameitumia kama ushahidi upande wa mashtaka. Araceli aliliona hilo, ndiyo maana likamuuma zaidi.

"Jumamosi atakuja na maua yake," alisema. "Umwambie wewe ayaweke chooni."

Akatoka. Simu ililia kabla hajafika kwenye gari. Ikalia tena barabarani. Aliizima, akaendesha akijitungia uongo wa kumwambia bibi: kwamba picha ilipata maji, kwamba onyesho limeahirishwa, kwamba Eliseo amehamia Kanada, ikiwezekana bila koti.

Bibi Herminia alikuwa chumbani, amekaa mbele ya kioo, anajaribu rangi ya mdomo ya siku hiyo kubwa. Araceli alisimama nyuma yake. Badala ya uongo wote likatoka swali.

"Bibi, ngazi za Azucena zilikuwa upande gani?"

"Kushoto," bibi alijibu bila kugeuka. "Kulia walikuwa wanauza bisi. Nilinenepa kwa ajili ya upande wa kulia."

Kwa hiyo yule mwenye nyundo alikuwa sahihi, na bibi anayempenda kuliko wote amemlilia mtu mwingine kwenye picha ya watu wengine. Aliinua macho asilie. Ndani ya kioo, uso wa bibi ulikuwa unamtazama, na kile kidoa cheusi, kama punje ya pilipili manga, kilikuwa shavuni palepale pa yule msichana.

"Rangi hii si kali mno?" bibi aliuliza, akageuka.

Kidoa kilihama.

Kilikuwa upande huu, sasa kiko upande ule. Araceli alimgeuza bibi kuelekea kwenye kioo, akamgeuza tena kwake, mpaka mzee wa watu akauliza kama anatafutiwa stesheni kama redio. Ni yeye kabisa kwenye ile picha. Lakini ni yeye kama anavyojiona mwenyewe kila asubuhi, si kama walimwengu wanavyomwona. Aliyeichapa alikuwa ameiweka filamu kinyume, na kila kitu kikageuka: uso, kofia, ngazi.

Aliwasha simu, akampigia Eliseo. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Aliketi kitandani akiichukia simu kwa nguvu zake zote, na mara alipoacha kuipiga, ikalia.

"Nani huyo ulikuwa unaongea naye?" alifoka.

"Nakupigia wewe. Kwako inatumika tu."

"Sikiliza, Eliseo, ile picha..."

"Imegeuzwa," wakasema pamoja.

Araceli akauliza kwa sauti ndogo amejuaje.

"Vifungo," alisema Eliseo. Sauti ilikuwa imechoka. "Nimekaa nayo tangu umeondoka. Makoti ya wanaume wote humo ndani yamefungwa kama ya kike, vifungo upande wa kushoto. Nilikwisha kuiangalia mara nyingi nikitafuta kama nimepatia. Leo ni mara ya kwanza maishani mwangu kutafuta kama nimekosea."

Araceli alifikiri jibu kali. Alikuwa nayo kadhaa. "Ulikosea kwenye tamali," alisema. "Ungesema siku ileile."

"Ningesema, nisingepewa nyingine."

Alicheka kabla hajakata shauri kama amemsamehe, na kicheko kikishatoka hakirudishwi.

Jumamosi Azucena ilifurika. Katikati ya ukuta wake ilining'inia picha mpya, iliyogeuzwa ikawa sawa, ngazi kushoto, sambamba na ngazi zenyewe. Bibi Herminia, kwa rangi yake kali ya mdomo, aliletwa mbele yake.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Bibi," Eliseo alisema, akiwa amejawa na fahari ya kisayansi.

"Mimi sina mdomo uliopinda hivi. Nirudishieni ile yangu."

Ikabidi ile ya zamani itolewe pembeni mwa choo, ikatundikwa kando ya mpya. Eliseo aliandika vibao kwa mkono wake: juu ya moja, "Kama walivyoonekana", juu ya nyingine, "Kama walivyojiona." Bibi aliweka maua chini ya zote mbili, akamweleza Fidencio kwa kunong'ona habari za mwaka mzima, pamoja na bei ya mafuta.

Don Lázaro alikuwa amekuja na kamera yake ya filamu. Akawaagiza wapenzi wakasimame chini ya ngazi, palepale pa wale wawili wa zamani. Araceli alivaa lile gauni la manjano. Eliseo alitoa kitu mfukoni, akakiangusha, akakifukuza chini ya sketi za watu, akarudi nacho: pete. Hakutoa hotuba. Aliushika mkono wa kulia wa Araceli, akaanza kumvisha.

"Mkono si huo," Araceli alisema, macho yameshajaa maji.

"Najua. Nakisia namna watakavyoichapa picha: kinyume."

"Na wakiichapa sawa?"

Inspekta wa kumbi zote za San Antonio aliutazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Alibaki ameshika kidole, pete ikiwa nusu njia.

"Kubali kwanza, binti yangu," Bibi Herminia alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mkono mtaubishania nyumbani."

Araceli akakubali, na Don Lázaro akafyatua.