Lebo ya Chini ya Boksi

Kila siku Annika akirudi shule huvua buti za theluji mlangoni, hula kipande cha lefse, ile chapati ya viazi iliyopakwa siagi na sukari, kisha huenda kukaa mbele ya printa. Hiyo ndiyo kazi yake ya nyumbani, kama wengine wanavyoosha vyombo.

Mama yake, Karin, hushona mablanketi ya viraka na kuyauza kwa mtandao. Zamani walikuwa wakipanga foleni posta, pale mjini Decorah, na kulipa bei ya dirishani. Siku hizi hulipia nyumbani, kwa bei nafuu, na lebo hutoka kwenye printa yao wenyewe. Nafuu hiyo ndiyo inayonunua uzi. Annika hupima boksi kwenye mizani, huandika uzito kwenye kompyuta, huchapa lebo na kuibandika. Kisha huliweka boksi barazani, na Bwana Duane, mpeleka barua, hulichukua akipita na gari lake.

Maboksi nayo hawanunui. Hutumia yale yaliyowaletea vitu wao. Lakini kuna sharti: lebo ya zamani ikwanguliwe yote.

"Mashine ya posta haisomi jina la mtu," Mama humwambia. "Inasoma ile mistari myeusi. Ikikuta lebo mbili, itafuata ile inayoiona kwanza."

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, blanketi lililokuwa mezani halikuwa la kawaida. Lilikuwa la Maribeth, bi harusi mtarajiwa wa huko Oregon, mbali sana. Viraka vyake vilikatwa kwenye mashati ya baba yake aliyefariki. Mama alilishona tangu baridi ilipoanza, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Annika alilikunja taratibu, akalitia kwenye boksi lililoleta chakula cha mbwa, lenye picha ya mbwa aliyetoa ulimi. Lebo ya zamani ilikuwa imenasa chini ya boksi. Alikwangua kwa ukucha, ikachanika kipembe chenye jina na anwani tu.

Nje, kaka yake Leif aligonga dirisha, viatu vya kutelezea vimening'inia shingoni. "We Annika! Barafu ya bwawani imekaza kama kioo. Unakuja, au umeolewa na printa?"

Annika alikwangua tena. Ukucha ukauma. Akalipindua boksi, akabandika lebo mpya juu, akajisemea moyoni, "Chini nani ataona?"

"Lebo ya zamani umeikwangua?" Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Tayari, Mama!" Akalitoa boksi barazani, akakimbilia bwawani.

Jumanne iliyofuata simu ililia. Alikuwa Maribeth.

"Dada Karin, samahani kukusumbua. Blanketi bado halijafika. Ningekuwa na shati hata moja lililobaki nisingesema kitu. Lakini yote yamo humo."

Mama alitazama namba ya kufuatilia mzigo kwenye kompyuta. Boksi lilitoka Decorah Alhamisi, kisha kimya. Akawapigia simu watu wa posta. Wakamuuliza, boksi lenyewe likoje?

"Annika, lile blanketi ulilitia kwenye boksi gani?"

Annika aliwaza haraka. Akitaja mbwa, Mama atakumbuka ile lebo iliyokuwa chini. "La... la kawaida tu, Mama. La kaki."

Basi wakaambiwa wasubiri, maana maboksi ya kaki ni mengi kama mchanga. Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa mwenzake.

Mama akakaa chini, akashika kichwa. "Mashati ya marehemu, Mungu wangu. Nitamwambia nini yule binti?"

Bibi Solveig, mama yake Mama, alikuwa akikoroga supu. "Mimi namshuku Duane," alisema. "Siku hizi mgongo unamsumbua. Pengine limemwanguka kwenye theluji akaogopa kusema."

"Sitaki kumsingizia mtu," Mama akajibu. "Lakini yeye ndiye aliyelichukua. Lazima nimpigie mkubwa wake."

Annika alimwona Bwana Duane akilini, jinsi alivyosukuma gari lao lilipokwama kwenye theluji, huku akiwatania kwamba gari lao linapenda kulala. Mama alikuwa ameshanyanyua simu.

"Mama, usipige! Si Bwana Duane. Ni mimi."

Mwiko wa Bibi ukasimama ndani ya sufuria.

"Ni lile boksi la mbwa," Annika alisema, machozi yakimlengalenga. "Lebo ya zamani iko chini. Sikuikwangua. Nilikudanganya, na sasa hivi nimekudanganya tena."

Mama akaweka simu chini. Hakugomba. "Vaa koti," alisema. "Posta hawajafunga."

Walimkuta Bwana Duane akipanga barua za kesho, Mama akamweleza boksi lilivyo.

"Boksi la kaki lenye picha ya mbwa?" alishangaa. "Aliyetoa ulimi hivi? Mbona liko huku nyuma tangu leo asubuhi! Mashine ya mji mkubwa imesoma mistari ya chini, ikalirudisha huku. Tukaisoma kwa mashine yetu, ikatuambia huo ni mzigo uliokwisha kufika zamani. Tumeliacha pembeni, kichwa chini, bila kujua ni la nani."

Akalileta. Mama alilikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Bwana Duane, nisamehe," Annika alisema kwa sauti ndogo. "Tulikaribia kukushtaki wewe."

Mzee akacheka. "Kwa ajili ya mbwa? Aa, mwanangu, nimezoea. Kawaida mbwa wananifukuza tu nikipeleka barua, wa kunishtaki ndiye huyu wa kwanza!"

Hapo hapo dirishani Annika akaipaka lebo ya zamani wino mweusi mpaka ukamchafua vidole. Mama akalipia usafiri wa haraka, na nafuu yao ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Jumamosi picha ilifika kwenye simu. Maribeth na mama yake, wamejifunika blanketi moja mabegani, na mkono wa bi harusi umetua kwenye kiraka chenye mfuko wa shati la buluu. Mama alipumua kwa nguvu, akamwita Annika karibu.

"Kunasa kwa lebo si kosa lako," alimwambia. "Ungesema, 'Mama, imenishinda,' ningekuonyesha. Ukiipuliza kwa mashine ya kukausha nywele, gundi inalegea yenyewe. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Anayesema amemaliza, hakuna atakayekuja kumsaidia."

"Nimeelewa, Mama."

Jumatatu Leif aligonga dirisha tena. "We bi harusi wa printa! Twende!"

Annika alikuwa amelipindua boksi, mashine ya nywele inanguruma mkononi. "Tangulia," alijibu. "Mimi bado niko upande wa chini."