Rafu ya Wasiojulikana

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alinawa mikono na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nyumbani walimwita Karani, maana hakuna jambo asiloliandika daftarini. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imewekwa chini ya meza ya pasi sebuleni, na haikuzimwa kamwe. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza nyimbo zote za nyumba na kuzigawa kwa waifai. Spika ya saluni ya mama yake, chumba cha mbele, ilichota humo. Spika ya jikoni ilichota humo. Hata simu ya Bibi ilichota humo humo.

Nyimbo za thamani kuliko zote zilikuwa za Bibi. Zamani, yeye na wenzake waliimba kwenye mashine za kiwanda cha nguo ili siku isiwe ndefu. Mabwana wa kiwanda wakaleta kinasa sauti, wakarekodi nyimbo thelathini na nane, wakazipiga kwenye sherehe zao, na juu ya kaseti wakaandika "Wafanyakazi". Basi! Sauti zikatunzwa, wenye sauti wakafagiliwa kama vipande vya uzi. Bibi hakulisahau hilo, wala hakukusudia kulisahau. Kaseti zilipomfikia Bibi na kuhamishiwa kwenye kompyuta, nayo ikazipanga katika rafu yenye maandishi: "Msanii Asiyejulikana".

Jumatatu Karani aliihesabu rafu hiyo: nyimbo thelathini na tano. Jumatano: ishirini na sita. Ijumaa: kumi na moja.

Mtu alikuwa anazila nyimbo za Bibi. Nani? Mdogo wake hakuifikia hata kibodi. Mama alishinda saluni, vidole vimezama katika nywele za watu. Alibaki mmoja: mpangaji wa chumba cha uani, fundi wa redio, aliyeitwa Fundi Kimya kwa kuwa maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kiganja. Ndiye aliyezihamisha zile kaseti, na njia ya kuingia kwenye kompyuta aliijua.

Siku hiyo ya Ijumaa Karani alimkuta ameinama mbele ya kioo cha kompyuta, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Fundi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Kazi."

"Kazi gani?"

"Utaiona." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akatoka.

Karani akaandika: *Karatasi. Ameificha. Kwa nini?*

Jumamosi Bibi alipelekwa kliniki ya macho. Saluni ilikuwa imejaa, na Muuza Sabuni, jirani yao, alikuwa amekaa kitini, kichwa nusu kimesukwa. Karani hakuweza kungoja tena.

"Mama, nyimbo za Bibi zinaibiwa. Ishirini na saba hazipo. Ni Fundi Kimya."

Vidole vya Mama vikasimama. "Unasema nini wewe?"

"Kimya kingi kina mshindo!" Muuza Sabuni akadakia. "Na redio yangu iko kwake, jamani!"

Fundi akaitwa. Akasimama mlangoni, mbele ya wanawake sita waliomkodolea macho.

"Sijafuta kitu," alisema. "Nimeandika majina tu. Bibi ndiye aliyenituma."

"Bibi yuko kliniki na simu kaiacha kitandani," Mama alijibu. "Ni rahisi kumtaja asiyekuwepo." Akamgeukia binti yake. "Karani, ulimwona akifuta? Usibahatishe."

Karani hakuwa amemwona akifuta. Alikuwa ameona mgongo, karatasi, na kioo cha kompyuta kwa mbali. Lakini saluni nzima ilimtazama, na Muuza Sabuni alishaanza kutikisa kichwa kukubali jibu ambalo halijatolewa.

"Nilimwona," akasema. "Kwa macho yangu mawili."

"Basi jioni nataka chumba changu kitupu," Mama akamwambia Fundi.

Muuza Sabuni hakungoja amalizwe nywele. Alimfuata Fundi hadi uani, akaipakata redio yake ikiwa wazi vile vile, skrubu mkononi, na kabla hajafika kwake mtaa mzima ulikuwa umepata habari. Neno likitoka halina miguu, lakini hufika.

Bibi aliporudi, jicho moja limefunikwa bandeji, alikuta godoro limeviringishwa mlangoni.

"Nani anahama?"

Akaelezwa. Hakupiga kelele. Alivuta kiti mbele ya kompyuta.

"Mjukuu wangu, ulihesabu rafu moja au nyumba nzima?"

"Rafu moja, Bibi."

"Fungua zote."

Karani akafungua. Kulikuwa na rafu tatu mpya: Mama Pacha, nyimbo tisa. Chiriku, nyimbo kumi na moja. Dada Mrefu, nyimbo saba. Ishirini na saba. Hakuna iliyopotea hata moja; zilikuwa zimepewa wenyewe, ndipo zikahama rafu.

"Nilisikiliza sauti, nikamtaja mwenye sauti, Fundi akaandika," Bibi alisema. "Kesho wenzangu wanakuja. Nilitaka wajikute humo. Hizo kumi na moja zilizobaki bado nazitafutia wenye sauti. Haya, niambie. Ulimwona akifuta?"

"Hapana, Bibi. Nilidhani."

"Ukasema umeona."

Karani akamsogelea Fundi, akanong'ona, "Nisamehe."

"Aa!" Bibi akagonga meza. "Umemchafua saluni, unamsafisha uvunguni? Mimi niliwahi kuitwa mwizi wa kitambaa mbele ya zamu nzima. Kitambaa kilipopatikana, msimamizi aliniomba radhi nyuma ya mlango, tukiwa wawili. Miaka arobaini imepita, na wapo wanaoniita mwizi mpaka leo! Nenda nyumba kwa nyumba."

Mama alivua aproni. "Twende wote. Yeye alisema uongo, lakini aliyehukumu ni mimi."

Walipita kwa wanawake wote waliokuwa saluni. Muuza Sabuni aliwapokea mkono kiunoni.

"Mchana mwizi, jioni malaika?"

"Si malaika, ni fundi," Karani alijibu, machozi yakimlenga. "Mimi ndiye niliyesema uongo. Sikumwona akifuta chochote."

Muuza Sabuni alitazama pembeni, kisha akaitoa redio. "Mrudishie. Mwambie... basi, nitamwambia mwenyewe."

Fundi Kimya alikuwa anatandaza upya godoro lake. Alimsikiliza Karani hadi mwisho, akapokea redio, akahesabu skrubu kiganjani.

"Ni tatu. Zilikuwa nne."

Karani akarudi njiani, ameinama, akipekua vumbi hatua kwa hatua huku wapita njia wakimuuliza amepoteza nini. Aliipata karibu na mlango wa Muuza Sabuni.

Bibi alikuwa anamsubiri uani. Alimkalisha karibu naye.

"Shaka si kosa, mjukuu wangu. Walionitendea ubaya niliwashuku, na sikukosea. Lakini shaka ni ruhusa ya kuuliza, si ruhusa ya kuhukumu. Ukiona mgongo, sema umeona mgongo. Ukiongeza neno moja tu juu ya ulichokiona, mtu mwingine ndiye atakayeviringisha godoro."