Wekundu wa Mirija Sita

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, watu kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni ya mashine ya barafu, ghorofa ya pili ya jengo la maabara. Wa tisa alikuwa fundi wa maabara, koti jeupe, hereni ndogo za kijani. Wa kumi, mtafiti wa uzamivu aliyevaa shati lililopigwa pasi mbele tu, alimwomba ampishe: kimeng'enya chake kingeharibika kwa joto.

"Cha nani kisichoharibika?" fundi alimwuliza, lakini akampisha.

Miezi mitatu baadaye fundi alikuwa akimwita Daktari Mtarajiwa, naye akimwita Fundi Wangu. Walipigiana simu kutoka vyumba vilivyotengwa na ukuta mmoja. Mtafiti alimweleza kwamba kimeng'enya cha kimulimuli, protini inayochochea mwanga wake, kina mfuko mdogo unaoibana kemikali inayotoa mwanga. Mfuko ukibana sawasawa, mwanga huwa wa kijani. Ukilegea, huwa mwekundu. Yeye alikuwa amebadilisha kiungo kimoja tu cha mfuko huo, na kwa miaka mitatu na nusu alikuwa akisubiri wekundu.

Ulionekana Alhamisi adhuhuri, katika chumba cha giza, kwenye mirija yote sita. Mtafiti alimkumbatia fundi, aliyekuwa amemchanganyia myeyusho wa kupimia. Palepale akampigia mama yake, akamwambia kazi imekwisha na anamletea mkwe.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo fundi alikagua mita yake ya asidi, akakuta inasoma vibaya. Myeyusho ule ulikuwa na asidi kupita kiasi, na asidi huulegeza hata mfuko ambao haujaguswa. Alirudia jaribio kwa myeyusho safi. Mirija sita, yote kijani.

Sheria ya maabara ilikuwa kwamba anayegundua kosa huliandika kwenye daftari la pamoja kabla ya kumwambia yeyote. Ilitungwa baada ya watu wawili kukubaliana kuficha kosa. Fundi aliandika, akatia saini, ndipo akapiga simu. Haikupokewa. Mtafiti alikuwa mkutanini, na profesa wao alilifungua daftari hilo mbele ya wenzake kumi na wanne.

Mtafiti alimpigia saa tisa.

"Nilikupigia mara nne, mpenzi," fundi alisema.

"Baada ya kuandika."

"Ndiyo. Baada ya kuandika."

"Ungenipa hata dakika tano."

"Ungezifanyia nini?"

"Ningelia. Kwako, si mbele yao."

Fundi alikuwa amejiandaa kukataa ombi la kuficha. Hili hakulitarajia.

Mtafiti alipata nafasi katika taasisi ya mji mwingine. Siku ya kuondoka fundi alimsaidia kushusha maboksi, wakaongea habari za kamba na gundi. Mlangoni fundi akamwomba abaki.

"Kazini nakuamini kuliko mtu yeyote," mtafiti alisema. "Nyumbani nitakuogopa, Fundi Wangu."

Fundi alishikilia mlango wa gari hadi boksi la mwisho likaingia. Saa nane na robo gari lilitoka getini, likakunja kulia.