Kifuniko cha Lenzi

Haya yalimpata shoga yangu, mpiga picha wa mitaani, siku aliyokwenda kuchagua lenzi pana ya kizamani, ile inayomeza mtaa mzima. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo mgongoni alikuwa amembeba mwanangu.

Muuza kamera hakuitikia hata salamu. Alimtupia lenzi pana mbili mezani. "Chagua utoke, dada. Na huyo mtoto asiguse kitu."

Shoga akachukua ndogo, maana haishtui watu, akaifunga kwenye kamera yake, akatoka kuijaribu. Mitaani nako hakukuwa na heri. "Wewe, nani kakuruhusu?" wapita njia wakamfokea, naye anabonyeza na kupita, anabonyeza na kupita, mpaka mkanda ukaisha. Ndipo akaona hajatoa kifuniko. Kamera zile za zamani unachungulia kidirisha cha pembeni, kwa hiyo hujui kama lenzi imefumbwa. Akacheka peke yake, eti nimepiga giza.

Hata hivyo akausafisha mkanda, ubishi tu. Nilikuwa naye kwenye chumba cha giza, maji yanadondoka, tone, tone, mwanangu kimya kifuani kwangu. Alipowasha taa mkanda wote ulikuwa mtupu, isipokuwa picha moja. Ni yeye mwenyewe kwa nyuma, ameinua kamera hiyohiyo usoni. Na kwa lenzi pana namna ile, mtu hajai kwenye picha mpaka umsogelee ibaki hatua moja tu.

Mgongoni mwake mwanangu ameigeukia lenzi, anacheka, na amekishika kidole cha mtu.