Gari Jekundu la Kiringye

Nilitoka Kimanga, mtaa wetu wa Uvira kando ya ziwa, saa tisa alasiri juu ya pikipiki yangu, mfukoni nina sumaku na tochi. Safari ya kawaida kabisa. Asubuhi yake Emery, bwana mmoja wa Bujumbura anayependa magari ya zamani kuliko anavyopenda chakula, alinipigia simu huku akihema. Alikuwa ameambiwa kwamba huko Kiringye, kwenye uwanda wa mto Ruzizi, ndani ya hangari ya pamba, ghala la zamani la mabati, kuna gari la mbio la Kiitalia la mwaka 1961. Magari ya aina ile yalitengenezwa machache mno. Alitaka nimjibu swali moja tu: ni lenyewe, au ni la kuiga?

Jina la kiwanda sitalitaja. Mtanisamehe, sipendi kulitamka.

Emery alinichagua mimi kwa sababu tangu niwe fundi kamili sijawahi kukosea, na sijawahi kudanganya. Ndiyo, ninajisifu. Fundi asiyejisifu ana kitu anachokificha.

Hapa kwetu karatasi za gari hazimbabaishi mtu, kwani kila karatasi ina pacha wake wa bandia. Kwa hiyo mafundi wa Kimanga tuna desturi yetu. Ukimaliza kukagua gari, unakaa kwenye kiti cha dereva, unafunga mlango, unashika usukani kwa mikono miwili, kisha unatamka hukumu yako kwa sauti. Ukishatamka, umetamka. Neno hilo linaaminika kuliko muhuri wowote.

Tulifundishwa hivyo na Mzee Sebagenzi. Alizaliwa juu milimani kwenye ng'ombe, akashuka Uvira, akapenda injini. Kati ya wanafunzi wake tumebaki wawili tu mjini: mimi, na Victoire, fundi wa umeme ninayefanya naye kazi garaji moja, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa mzima. Mzee alimlea kama binti yake wa kumzaa. Miaka kumi na miwili iliyopita alituaga, akasema anakwenda kukagua gari huko uwandani. Hakurudi. Watu walisema amepata mke ng'ambo ya mto Ruzizi. Mimi nilikubali, kwa kuwa ilikuwa rahisi kukubali. Victoire hakukubali hata siku moja.

Basi nikafika Kiringye. Upande wetu jua hujificha mapema nyuma ya milima, na uwanda unabaki na mwanga wa kijivu usio na joto. Hangari ilikuwa peke yake katikati ya mashamba ya mihogo. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa mama mzee amejifunga kitenge cheusi. Aliitwa mama Irankunda. Emery ndiye aliyeniambia nimuulizie kwa jina hilo.

"Ni weye fundi Kizito?"

"Njo minye, mama."

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Akainuka polepole, akasukuma mlango wa bati.

"Ingia. Iko inakungojea siku mingi."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nikaingia.

Mungu wangu, gari lile! Dogo, jekundu, limelala chini karibu na udongo. Tairi zote nne hazikuwa na upepo. Vumbi lilijaa kila mahali humo ndani, juu ya magunia, juu ya boriti... lakini juu ya gari hapakuwa na vumbi hata chembe.

Nilianza kazi. Nikapitisha sumaku kwenye bodi ya chuma, nje ya milango, ikanasa vizuri kote. Kwenye gari lililozibwa kwa mastiki, ule uji mzito wa kujazia mabonde, sumaku huteleza, lakini hapa haikuteleza hata mara moja. Nikagonga mlango, ambao kwa gari hili ulitakiwa kuwa wa alumini. Ukalia kwa sauti nyembamba ya alumini. Nikafungua kapo, kifuniko cha injini, nikamulika namba iliyopigwa kwenye chuma nyuma ya injini. Namba za kuiga hunyooka mno, kwa sababu hupigwa na mashine. Hizi zilipigwa na mkono wa mtu, saba imeinama kidogo, na moja imezama kuliko wenzake. Nilihisi furaha ya kitoto. Katika maisha yangu yote ya garaji sikuwahi kugusa kitu kilicho safi hivyo.

Kisha nikaweka kiganja juu ya injini.

Ilikuwa ya moto.

Nikaangalia mahali pa betri. Hapakuwa na betri. Waya mbili zilining'inia kavu, zimefungwa na utando wa buibui.

"Mama," nikaita, "nani aliiwasha leo?"

"Hakuna muntu."

"Sasa moto hii inatoka wapi?"

Alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mwanga ulikuwa unakwisha. Akasema tu, kwa upole, kama anayemkumbusha mgeni kunawa mikono, "Ikala ndani, papa. Ushike usukani. Useme."

Hapo ningepaswa kuondoka. Ninajua. Kila ninayemsimulia ananiambia hivyo, na mimi ninamwambia kwamba yeye si fundi. Gari la namna ile ukiliona mara moja katika maisha, huwezi kuondoka bila kukaa ndani yake. Nikakaa. Nikavuta mlango. Nikaweka mikono miwili juu ya usukani.

Kwa nyuma nikasikia mlango wa hangari unaburuzwa... kisha mnyororo.

"Mama! Unafanya nini?"

Nikashika kitasa cha mlango wa gari. Kilizunguka bure, hakikunasa kitu. Nikajaribu mlango wa pili, ni yale yale. Kioo hakikushuka. Nikapiga bega kwenye mlango ule wa alumini mwembamba, ambao ningeweza kuukunja kwa goti langu, na haukutikisika. Paa lilikuwa limenigusa kichwa. Sikumbuki kwamba lilinigusa wakati nilipoingia.

Halafu vioo vikaanza kuingia ukungu. Vya mbele, vya pembeni. Mtu alikuwa anapumua humo ndani. Nikazuia pumzi yangu mpaka kifua kikaniuma... na ukungu ukaendelea kupanda.

Ndipo nikasikia harufu. Tumbaku kali ya milimani na risasi ya kulehemu iliyoungua. Kwa miaka tisa nilifanya kazi ndani ya harufu hiyo. Hakuna mtu mwingine Uvira nzima aliyenuka hivyo.

"Kizito."

Sauti ilitoka mbele yangu, nyuma ya saa za dashibodi. Ilikuwa nyembamba, imechoka.

Nilijikojolea. Sioni sababu ya kuficha.

"Mzee?" nikanong'ona. "Mzee Sebagenzi?"

"Hapana piga kelele. Itasikia. Sikia minye... Sema iko ya kuiga."

"Nini?"

"Sema ni ya uongo. Ile mulango itafunguka."

Nilipokuwa mwanafunzi, mtu huyo aliwahi kunifukuza garaji wiki nzima kwa sababu nilimwambia mteja kwamba plagi ni mpya, kumbe nimeisugua tu. Sasa ananiomba nidanganye!

"Na nikisema kweli?"

Injini isiyo na betri ikatetemeka kidogo chini ya miguu yangu, kama ng'ombe anayefukuza nzi.

"Njo vile minye nilisema," akajibu. "Nilisema kweli. Ikachukua neno yangu, ikanichukua na minye. Iko na nafasi ya muntu moja. Mwengine akisema kweli, yeye anabaki, minye natoka."

Nilielewa. Nisijifanye kwamba sikuelewa. Mzee alinifundisha kazi, alinilisha nilipokuja mjini bila kitu, na kumtoa humo kulihitaji maneno mawili ya kweli kutoka kinywani mwangu. Maneno yenyewe yalikuwa tayari ulimini. Tangu nilipoiona ile saba iliyoinama yalikuwa yananiwasha.

"Mzee... na weye?"

"Minye nimezoea."

Alisema hivyo, lakini sauti ilimvunjika. Kiti kikanibana mbavu. Usukani ukaanza kupata joto, joto la mkono wa mtu unaoshika mkono wako na hautaki kuuachia.

Nikafumba macho.

"Gari hili ni la kuiga," nikasema kwa nguvu. "Si lenyewe. Ni la kuiga!"

Mlango ukafunguka peke yake.

Nilianguka nje kwa magoti. Mnyororo wa hangari ulikuwa chini. Mama Irankunda alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, ananitazama bila hasira, bila huruma.

"Weye ni wa tatu kudanganya," akasema. "Aliyeileta humu mu hangari ya pamba alikuwa anaipenda kupita muke yake. Alipokufa ilibaki inatafuta muntu wa kuipenda vile. Minye nafungulia tu wageni mulango. Bila vile, itanikamata minye."

Sikumuuliza zaidi. Nilifika Kimanga sijui kwa njia gani. Nikamwandikia Emery neno moja: la kuiga. Nikajifungia nyumbani siku mbili nikidanganya watu kwamba nina malaria.

Siku ya tatu nilirudi kazini, na Victoire akaingia garaji na kile kicheko chake. Emery hakuniamini. Alikuwa amemtumia picha alizopewa tangu mwanzo, ili naye aseme.

"Kizito, umekuwa kipofu? Angalia hii namba. Hii iliandikwa na mukono!"

"Ni ya kuiga."

Kicheko kikakatika. Akanisogelea, akanitazama usoni kama anavyotazama waya ulioungua.

"Weye hujui kudanganya," akasema polepole. "Tangu tukiwa watoto ba Mzee hujawahi kujua. Juu ya nini unadanganya sasa?"

Nilitaka kumtisha ili asiende. Wallahi nilitaka kumtisha tu. Ndiyo maana nikamwambia kila kitu, injini ya moto, ukungu, sauti, na nafasi ya mtu mmoja. Nilipotaja harufu ya tumbaku na risasi, alikaa chini juu ya tairi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alikuambia amezoea?"

"Ndiyo."

"Na weye ukatoka."

"Nikatoka."

Akainuka, akajipangusa mikono. Nikamshika mkono, nikamwambia hata dada yangu wa tumbo moja nisingemruhusu. Akaniondoa taratibu, kwa heshima, na hilo liliniumiza kuliko kofi. Nilisimama pale pale nikisikia pikipiki yake inaelekea kaskazini. Na yangu ilikuwa hapo hapo, imejaa mafuta. Sikumfuata.

Saa kumi na moja na nusu simu yangu ikaita.

"Kizito." Alikuwa ananong'ona. Nyuma yake nilisikia pumzi, na haikuwa yake. "Niko ndani. Nimemusikia."

"Sema ni ya kuiga! Victoire, sema haraka!"

"Njo vile yeye pia ananiambia. Analia, Kizito. Analia, ananikataza."

"Basi mutii! Mutii!"

Nikasikia ngozi ya kiti ikilia, kama mtu anayejiweka sawa, na sauti yake ikapanda, kavu na safi, sauti ya fundi anayetoa hukumu.

"Iko yenyewe."

Simu ikakatika.

Tulimtafuta, msidhani hatukumtafuta. Nilikwenda na vijana wanane na mchungaji wa kanisa lake. Hangari ilikuwa wazi. Kigoda kilikuwa kimepinduka, mama Irankunda hayupo, na wenye mashamba ya jirani walisema hawajamwona. Gari halikuwepo. Chini palikuwa na alama nne za tairi zisizo na upepo, na hapakuwa na mburuzo wowote wa kuelekea nje. Pikipiki ya Victoire ilikuwa imeegeshwa nje, ufunguo juu yake.

Mzee Sebagenzi alikuja mwenyewe, asubuhi ya siku iliyofuata. Niliinua kichwa nikamwona amesimama mlangoni mwa garaji amevaa shati lile lile aliloondoka nalo, na hakuwa amezeeka hata siku moja. Sasa mimi nina mvi nyingi kuliko yeye. Nikampa mkono. Wake ulikuwa wa moto mno, ikabidi niuachie.

"Karibu, Mzee," nikasema.

Hakukaa. Alitazama benchi la Victoire, waya zake, kikombe chake cha chai ambacho hakuna aliyethubutu kukiosha. Alikitazama muda mrefu.

"Nilimuambia maneno ile ile niliyokuambia weye," akasema. "Yeye alikataa."

Hajaniambia neno jingine tangu siku hiyo. Anakaa hapa garaji. Halali, hali chakula, na hata usiku wa baridi ya ziwa ukimkaribia unavua koti kwa joto lake. Wiki iliyopita Emery alipiga simu kwa furaha. Ameambiwa kwamba karibu na Luvungi, huko huko uwandani, nyuma ya ghala la mpunga, kuna gari jekundu la Kiitalia, na mwenye gari anatafuta fundi wa kulikagua.

Kila alasiri, saa tisa, ninatoa pikipiki nje na kuiwasha. Mzee anainuka, anakuja hadi mlangoni, ananitazama. Ninakaa juu ya pikipiki na injini inanguruma, nikiyarudia kimoyomoyo yale maneno mawili yatakayomtoa Victoire.

Leo pia nimeizima.