Aje Mwenyewe

Kila kulipokucha, Chiriku alifagia kibaraza huku Bibi akiinjika chai. Punde mgawa magazeti hupita na kurusha gazeti juu ya geti. Likianguka, Bibi huacha anachofanya na kugeukia chumbani, kana kwamba Babu atatoka na miwani yake. Kisha hukumbuka. Babu walikwisha kumzika, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji.

"Usituletee tena," Chiriku alimwambia mgawa magazeti.

"Binti, mimi natumwa tu. Jina likiwemo, nalileta."

Basi Bibi na mjukuu wake wakaenda ofisi ya gazeti. Karani alikuwa nyuma ya kioo, macho kwenye kompyuta.

"Anayesitisha ni mwenye jina," alisema. "Aje mwenyewe."

"Mwanangu, mwenyewe amefariki." Bibi alipenyeza cheti cha kifo chini ya kioo.

"Pole, mama. Lakini mfumo haukubali. Mkataba unajiongeza wenyewe kila mwaka."

Akakirudisha cheti bila kukisoma. Bibi alikikunja taratibu, akakitia kwenye pochi. Njiani alisema neno moja tu: "Wale ni wakubwa, mjukuu wangu. Tutawaweza wapi?"

Chiriku, ambaye jina hilo alipewa kwa kutofunga mdomo, alimshika mkono tu, wakaendelea na safari.

Malipo ya gazeti yalikatwa benki, kwenye akaunti ileile ya kununulia dawa za presha za Bibi. Jioni moja Chiriku alimkuta akikata vidonge kwa kisu.

"Nusu inatosha," Bibi alisema, akageuza uso.

Kesho yake darasani Chiriku hakuandika chochote hadi mwalimu wake akamwita pembeni. Alipomweleza, mwalimu alisema, "Nendeni ofisi ya haki za walaji."

"Walaji? Kwani sisi tunakula magazeti, mwalimu?"

Mwalimu alicheka. "Mlaji ni yeyote anayenunua kitu au huduma. Hata wewe ukinunua kalamu."

Huko Bibi na Chiriku walipokelewa na afisa mmoja, mama wa makamo. Alisoma cheti mstari kwa mstari, kisha akapiga simu ofisi ya gazeti.

"Nitumieni kifungu cha mkataba kinachomtaka marehemu afike kaunta," alisema kwa upole.

Upande wa pili wakamwomba asubiri. Baadaye sauti nyingine ikaomba radhi. Gazeti litasitishwa, ilisema, na fedha zilizokatwa tangu msiba zitarudishwa.

Bibi alijifuta macho. "Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Nami nilikwisha kukata tamaa."

"Haikuwa rahisi, mama," afisa alijibu. "Mliambiwa haiwezekani, mkaamini, kwa sababu aliyesema alikuwa nyuma ya kioo." Akamgeukia Chiriku. "Binti, ukiambiwa haiwezekani, uliza ni sheria gani inayosema hivyo. Uliza kwa adabu, lakini usiondoke kabla hujaonyeshwa. Na kabla ya kuweka saini popote, uliza kwanza utajitoaje."

Walipotoka, walipitia duka la dawa.